Mkono wa Kushoto wa Hermine

Hatukuwahi kusema ni dhahabu.
Andika hilo kwanza, wewe unayeuliza bei.
Babu Alfons alipotundika kibao chake kule Gablonz
kiliandikwa *Wondrak, Vito vya Kioo*,
na kioo ndicho alichouza.
Yakuti yake ilitoka tanurini, si mgodini.
Zumaridi aliipika kama uji,
akikoroga, akiionja kwa jicho.
Mfanyakazi wa dobi aliinunua Jumamosi,
Jumapili akakaa kanisani safu moja na mke wa hakimu,
wote wawili wakimeremeta,
na Mungu, nadhani, hakugeuza bizimu kuangalia mgongo.

Mgongoni ndiko alikokuwa bibi.
Hermine alikuwa wa mashoto.
Shuleni waliufunga mkono ule kwa utepe,
nyumbani akaufungua.
Waya wa kila bizimu aliusokota kuelekea kusikostahili,
kulabu ikakaa chini kidogo, upana wa unywele.
"Wateja watadhani tumelewa," Alfons alisema.
Hakumjibu. Alisokota.

Kisha vita, na baada ya vita, hesabu.
Sitasema tulionewa tu.
Dirisha la duka letu nalo lilipambwa bendera ile;
nilipouliza ni nani aliyeitundika
baba alianza kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.
Mwaka wa arobaini na sita walipewa asubuhi moja
na ruhusa ya kilo hamsini kila kichwa.
Majirani walibeba masufuria, mablanketi, saa ya ukutani.
Hermine alipasua mto wa mtoto,
akatoa manyoya, akashindilia kalibu tisa za chuma,
akaushona, akamlaza Egon juu yake.
Siku nne ndani ya behewa.
Egon ndiye baba yangu.
Hadi anakufa alilala bila mto.

Bavaria iliwapa msitu
na kiwanda cha baruti kilicholipuliwa,
kuta za zege zikiwa zimelala chali katikati ya misonobari.
Tanuri hakuna, kioo hakuna.
Waliokota makopo ya maziwa ya askari wa Kimarekani,
wakayakata majani ya mwaloni.
Mkate waliukanda upya, wakaufinyanga cheri,
wakaukausha, wakaupaka rangi nyekundu.
Watu wenye njaa, wanapaka rangi mkate!
Bizimu moja ya namna hiyo ninayo.
Panya alimega cheri ya pili. Sikuitengeneza.

Miaka ya hamsini ikaja na masanduku:
Milano, New York, Brussels.
Huko walitupiga mihuri ya majina yao,
majina mazuri, yenye manukato.
Letu halikuandikwa popote.
Kisha plastiki ikaja, bei ikaporomoka,
na Bi Traudl, aliyebandika lulu kwa miaka thelathini na moja,
akakunja aproni yake, akaiacha kitini
kana kwamba kesho ingekuwepo.

Mwaka juzi alikuja mwanamke kutoka Antwerp
na kikuza-macho, na sanduku la viatu.
Akapanga bizimu arobaini na tatu mezani, kifudifudi.
Mihuri saba tofauti.
Akauliza jambo moja tu:
"Nyumbani kwenu, nani alikuwa wa mashoto?"

Baba aliinuka, akaenda jikoni.
Nikasikia bomba la maji likifunguliwa
na halifungwi.

Sasa wanaandika barua, wanataka mpya,
"zile zenye kulabu ya chini."
Nazitengeneza jioni, kalibu zilezile,
kioo kilekile kinachokiri ni kioo.
Lakini mimi ni wa kulia.
Nausokota waya kushoto kwa makusudi, polepole,
ulimi umebanwa na meno,
na katika duka hili lote la vito vya bandia
hicho ndicho kitu pekee ninachoghushi.